Babu Yako Alizaliwa Wapi?

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wanafunzi, walimu na wazee wa mji, ukaandikwa kama ulivyosemwa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wale wa nyuma songeeni mbele, viti vya mbele having'ati. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini na tano. Ananijua, ndiyo maana saa yake ameiweka mezani imenielekea mimi.

Tangazo lililobandikwa mlangoni linasema nitazungumzia kukua kwa siasa kali za mrengo wa kulia. Maneno ni ya walionialika, nami siyakatai, lakini yanatuletea taabu kidogo sisi watu wa Pwani. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kulia. Ndio unaoshika tonge, ndio unaopokea zawadi, ukimpa mtu kitu kwa kushoto umemvunjia heshima. Nikimwambia mtoto wa darasani "mrengo wa kulia" anadhani nawasifu. Jina lenyewe lilitoka Ufaransa mwaka 1789, kwa namna watu walivyokaa barazani: waliomtetea mfalme walijikusanya upande wa kulia wa mwenyekiti, waliotaka kumpunguza mamlaka wakakaa kushoto. Likaganda. Mwanafunzi mmoja aliniambia zamani, "Mwalimu, hiyo si ya kulia wali, ni ya kulia machozi." Nilimpa alama zote, na mtihani haukuwa hata wa somo hilo.

Haya. Waliowahi kunisikia wanajua naanzia wapi. Naanzia Makadara.

Mwaka 2009 Wamarekani wana rais mpya, Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mjaluo wa Kogelo. Hawajakaa naye mwaka mmoja, vyeti vya kuzaliwa vikaanza kuzunguka kwenye intaneti. Vinasema Obama hakuzaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Kazaliwa Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani. Makadara hapo! Mwendo wa tuktuk! (Kicheko.) Wallahi siku ile nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia jirani yangu, shoga, tumezaa rais wa Marekani na hatukupiga hata vugo.

Sasa kiangalieni cheti, maana mimi ni mwalimu wa historia na karatasi ndiyo kazi yangu. Kimojawapo kimeandikwa kuwa kimetolewa na Jamhuri ya Kenya, Februari 1964. Wanafunzi, Kenya imekuwa jamhuri lini? (Wanajibu.) Naam, tarehe 12 Disemba 1964. Cheti kimetoka miezi kumi kabla jamhuri haijazaliwa! Mtoto kazaliwa mbele ya mamake! Na mwaka huo wa 1961 ukanda huu wote kwa karatasi ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza ni mpangaji, analipa kodi kila mwaka. Baadaye wachunguzi wakagundua umbo la cheti lile limenakiliwa kutoka cheti cha mtu aliyezaliwa Australia. Mtu kafunga safari mpaka Australia kumtafutia Obama uzazi wa Makadara.

Mimi nilidhani ni mzaha utakaoisha kwa wiki. Mwaka 2011 akaudaka Donald Trump, wakati huo mtu wa majumba na televisheni. Tarehe 27 Aprili 2011 Obama akatoa cheti chake kamili, kilekile cha Hawaii. Je, waliokuwa wakidai cheti wakasema ahsante, tumekiona? Trump alikaa mpaka tarehe 16 Septemba 2016 ndipo akakubali hadharani kuwa Obama alizaliwa Marekani. Miaka mitano na ushei. Miezi miwili haikupita, yeye mwenyewe akachaguliwa rais.

Watu wazima na akili zao wanaweza vipi kudai karatasi, wakaletewa, wakaendelea kudai? Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Mtu anayekudai deni ukimlipa, huondoka. Akirudi kesho kukudai tena, ujue hakuwa akitaka pesa, alikuwa akitaka kukuona mlangoni umesimama kama mdaiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa cheti. Kilichokuwa kikiulizwa ni hiki: wewe babako ni wa wapi? Babu yako alizaliwa wapi?

Nimelisema hili misikitini, shuleni, kwenye harusi hata, mpaka wanangu wakiniona nafungua kinywa wananiambia "Mama, babu tena?" Babu tena. Watu hutafuta siasa hizi kwa sura yake: vichwa vilivyonyolewa, buti, bendera. Wanaozishika leo wanavaa suti nzuri kushinda za wakwe zenu. Msikilizeni mtu anauliza nini. Mwanasiasa wa kawaida, hata mwizi, atakuuliza unataka barabara au unataka maji, kisha asilete yote mawili. Huyu wa pili anauliza babu yako alizaliwa wapi, na ana jibu lake tayari kabla hujafungua mdomo.

Wanazi, mwaka 1935, walikaa chini wakapiga hesabu ya mababu, kwa kalamu na rula. Kanuni iliyotoka Novemba mwaka ule ilisema mwenye babu na bibi watatu Wayahudi ni Myahudi, hata kama yeye mwenyewe kabatizwa, hata kama alipigana vita vya 1914 upande wa Ujerumani na ana nishani kifuani. Lakini hao mababu walijulikana vipi kuwa ni Wayahudi? Walisema ni sayansi ya damu, sivyo? Damu haikupimwa. Waliangalia daftari la dini: babu alikuwa mtu wa sinagogi, basi. Sayansi yote ile, majengo yale, maprofesa wale, chini yake kuna daftari la karani.

Najua yuko mtu hapo anasema moyoni, Bi, Wanazi tumechoka nao, kila mtu akitaka kumtukana mwenzake humwita Hitler. Kweli, hata mimi nimechoka. Basi tuwaache, turudi mtaani kwetu.

Kuze, nilipokuwa mtoto, palikuwa na fundi wa cherehani, Mhindi. Jina lake silitaji, wajukuu wake wako hai. Baraza ya duka lake ndiyo iliyokuwa chekechea yetu. Alitushonea sare za shule na nguo za Idi, na mama akimwambia "nitakulipa mwisho wa mwezi" hakuuliza mwezi gani. Alizaliwa hapahapa Mombasa. Kimvita chake kilikuwa cha kututia aibu, anakunyooshea kidole na sindano iko mdomoni: "Mtoto wa Kuze hasemi njoo, husema ndoo."

Uhuru ulipokuja Disemba 1963, watu kama yeye walipewa miaka miwili wachague: ujiandikishe uwe raia wa Kenya, au ubaki na pasi yako ya Uingereza. Wengi wakangoja waone mambo yatakwendaje. Fundi naye akangoja. Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Asiye raia sasa anahitaji kibali cha kazi, na ziko bidhaa na ziko sehemu za mji haruhusiwi tena kufanyia biashara. Msikilize hapa, kwa sababu watu huniambia nawaonea Wazungu. Aliyemuuliza fundi lile swali kwanza tulikuwa sisi. Mtaani hakuna aliyemchukia, lakini neno "mwananchi" lilianza kusemwa kwa namna nyingine, na watoto wa shule tulilijua, tukaanza kumwimbia.

Basi akatazama pasi yake. Imeandikwa Uingereza, ina nembo ya malkia. Wenziwe wakaanza kuondoka, wengi, kila ndege. Kule Uingereza kelele zikapanda: wanakuja, watatujaa. Duncan Sandys, aliyekuwa waziri wa makoloni wakati Kenya inapata uhuru, ndiye aliyekuwa mbele kutaka mlango ufungwe. Serikali ilikuwa ya chama cha Labour, chama cha wafanyakazi, chini ya Harold Wilson. Waziri wa mambo ya ndani ni James Callaghan. Mswada ukapitishwa bungeni kwa siku tatu. Siku tatu! Bunge letu siku tatu halijamaliza chai. Tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Ukiwa na pasi ya Uingereza uliyopewa ng'ambo, huingii Uingereza kwa uhuru mpaka wewe mwenyewe, au mzazi wako, au babu au bibi yako, awe alizaliwa kule au alipata uraia kule.

Mmesikia neno? Babu. Sheria haikuandika "mweusi" popote, haikuandika "Mhindi." Settla wa Kitale ambaye hajawahi kuona theluji, babu yake alizaliwa Uingereza, apite. Fundi wa Kuze, babu yake alizaliwa Kachi kule India, asimame. Pasi ni moja, rangi ya jalada ni moja.

Na fundi alichelewa kwa nini? Idi Kubwa mwaka ule iliangukia Machi. Wenziwe walimwambia Februari, funga duka twende. Akasema nimeshika nguo za watoto wa watu, nimalize kushona. Gauni langu mimi lilikuwa katika rundo lile. Lilikuwa la waridi, na nililivaa.

Wakati huo viwanja vya ndege vilikuwa na watu wanaorushwa huku na huku kama mpira, Uingereza inawarudisha, waliporudishwa nako wanakataliwa. Waliobaki waliwekewa foleni ya vocha, mwanzo vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kuwatenga watu hao kwa asili yao kulikuwa ni kuwadhalilisha. Fundi alikuwa keshaondoka kwa foleni, mwaka 1971. Deni la mama akalifuta, na cherehani moja akatuachia. Ipo, inashona mpaka leo, mwenye kutaka aje aione.

Sasa tazameni tarehe, msinichokee. Sheria ni Machi mosi. Tarehe 20 Aprili, wiki saba baadaye, Enoch Powell, mbunge wa Conservative, akasimama Birmingham akatoa ile hotuba yake ya kupinga wahamiaji na kutabiri damu. Watu wakiandika historia humwanza yeye. Mimi namwanza Callaghan. Powell alipofika, siasa hizi zilikuwa zimeshafunguliwa mlango na watu wenye adabu, wasiopiga kelele, chama cha wafanyakazi. Kiongozi wake, Edward Heath, alimtoa kwenye baraza lake kivuli siku ya pili, wakadhani wamemaliza. Tarehe 23 Aprili makuli wa bandari ya London wakaacha kazi, wakaandamana mpaka bungeni kumuunga mkono.

Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa kuli wa Kilindini. Januari 1947 alikuwa mmoja wa waliogoma mji huu ukasimama wote, wakikutana Kiwanja cha Maskini, Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, akisema nao. Mluo, Mkamba, Mgiriama, Mswahili, kiwanja kimoja. Aliposikia kwenye redio habari ya makuli wa London alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Wale si ndio wanaoteremsha magunia tunayopakia sisi?" Ndio, baba. "Na fundi kawafanyia nini?"

Hapo ndipo nilipolipata somo langu la uchumi, nikiwa na miaka tisa. Fundi hakuwafanyia kitu. Gati za London zilikuwa zinakufa. St Katharine Docks ilifungwa mwaka huohuo wa 1968. Kazi ya mgongo ilikuwa inaliwa na kontena. Sanduku la chuma linaloteremshwa na winchi na watu wachache. Lakini kontena halina babu. Huwezi kulifuata barabarani ukaliambia lirudi kwao. Mtu mwenye hofu ya kweli, na hofu yao ilikuwa ya kweli, nasema tena msije mkaniandika vibaya, hofu yao ilikuwa ya kweli, anatafutiwa uso wa kuuwekea hofu hiyo. Na hapa kwetu je? Tangu mizigo ianze kwenda Nairobi kwa reli mpya mwaka 2018, madereva wa malori na mawakala wa forodha wa Mombasa wamelia. Nimeketi nao Mwembe Tayari kwenye kahawa. Kikombe cha kwanza wanalaumu reli. Cha pili wanalaumu serikali. Cha tatu wanalaumu wabara. Muuza kahawa mwenyewe ni Mkamba, anawamiminia cha nne.

Dakika? Ishirini. Ahsante Mwenyekiti, naona.

Kabla sijatoka Uingereza, kidogo tu. Watoto wa fundi hawa wamekuwa nani? Rishi Sunak, aliyekuwa waziri mkuu mwaka 2022, babake alizaliwa Kenya, mamake Tanganyika. Suella Braverman, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya ndani, babake aliondoka Kenya mwaka huohuo wa 1968, mwezi Februari, yeye hakuwa na nguo za Idi za kumaliza. Na Bi Suella ndiye aliyesema hadharani kuwa ndoto yake ni kuona ndege ikiruka na waomba hifadhi kuwapeleka Rwanda. Mtu hutoka nyumba inayowaka moto, akifika ng'ambo ya barabara akaomba kazi ya kuuza petroli. Sishangai sana. Aliyeingia mwisho kwenye matatu ndiye anayegombana na kondakta asipakie tena.

Sasa niende mbio. Hoja yangu ya pili ni ya mlango. Siasa hizi hazivunji mlango, hufunguliwa. Mussolini, Oktoba 1922, mnaambiwa aliandamana kuingia Roma. Alikuja kwa treni kutoka Milan, ya usiku, ya kulala, baada ya mfalme kumwita. Hitler: Novemba 1932 kura zake zilikuwa zimeshuka, kutoka asilimia 37 za Julai mpaka 33. Alikuwa anateremka. Tarehe 30 Januari 1933 Rais Hindenburg akampa ukansela, von Papen akiwa makamu, na katika baraza lile Wanazi walikuwa watatu tu pamoja naye. Papen aliona wamemwajiri. Wazee wetu walisema ukipewa shubiri usichukue pima. Huyu alipewa shubiri, na Machi tarehe 23 bunge lenyewe likampigia kura 444 kwa 94 atunge sheria bila ya bunge. Waliosema hapana ni wabunge wa Social Democratic peke yao, waliokuwa bado hawajafungwa au kukimbia. Wakomunisti walikuwa wameshazuiwa kuingia.

Leo ni hivyohivyo, kwa suti. Ufaransa mwaka 2002, Jean-Marie Le Pen alipofika duru ya pili, nchi nzima ilimkimbia, akapata asilimia 17 na kitu. Bintiye Marine mwaka 2017 akapata karibu 34, mwaka 2022 akavuka 41. Chama kikabadilishwa jina mwaka 2018, na mzee mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa kwenye chama alichokianzisha. Giorgia Meloni wa Italia, asilimia 4 mwaka 2018, 26 mwaka 2022, waziri mkuu. Ujerumani, chama kiitwacho AfD, ilianzishwa mwaka 2013 na watu waliokuwa wakilalamikia sarafu ya yuro, wachumi hao, ikakosa hata kuingia bungeni. Februari 2025 ikapata asilimia 20.8, ikawa ya pili. Austria mwaka 2024, chama cha namna hiyohiyo kikawa cha kwanza. Sitazimaliza, mtazisoma wenyewe. Ila moja msikilize: Novemba 2023 baadhi ya wanasiasa wa AfD walikutana hotelini karibu na Potsdam na watu wengine wa fikra hizo, wakazungumzia, kwa mujibu wa waandishi walioifichua habari, mpango wa kuwarudisha watu makwao, wakiwemo raia wa Ujerumani wenye pasi za Ujerumani. Habari ilipotoka Januari 2024 Wajerumani walijaa barabarani kwa malaki kupinga. Raia wenye pasi! Kwao wapi tena? Mnalijua swali sasa, siliulizi.

Na hapa hunyanyuka bwana mmoja, kila mahali yupo, akasema: Mwalimu, haya ni ya Wazungu, yatuhusu nini? Bwana wangu. Februari 2023 rais wa Tunisia, Kais Saied, Mwafrika mwenzetu, alisema uhamaji wa watu weusi wa kusini mwa Sahara ni njama ya kubadilisha sura ya watu wa nchi yake. Maneno hayo yametoka kwenye nadharia ileile ya Ulaya inayodai kuwa Wazungu wanaondolewa waje wengine, nadharia aliyoiandika muuaji wa Christchurch kabla ya kuua Waislamu 51 katika misikiti miwili, Machi 2019. Imevuka bahari, imevaa kanzu. India, jimbo la Assam, mwaka 2019 watu milioni 1.9 waliachwa nje ya daftari la raia kwa kushindwa kuonyesha karatasi kwamba wao au wazee wao walikuwepo kabla ya Machi 1971. Wengi ni maskini ambao nyumba zao mafuriko huzibeba kila mwaka, karatasi ibaki wapi? Afrika Kusini Mei 2008, zaidi ya watu 60 waliuawa kwa kuitwa wageni, na baadhi yao walikuwa Waafrika Kusini waliokosa tu lafudhi.

Na Likoni. Hapo watu hupenda niteremshe sauti. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari sita wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Yakafuata makaratasi ya kuwaambia wabara waondoke. Zaidi ya watu 100 walikufa katika machafuko yale, na kiasi cha 100,000 walihama makwao. Nilikuwa nasomesha wakati huo ng'ambo ya feri. Jumatatu nikaita majina darasani, viti vikawa kimya. Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba. Sita walikuwa wamezaliwa Likoni, na mababu wa wawili walizikwa Likoni.

Utaniambia: lakini Mpwani kanyang'anywa ardhi, anaishi kama maskwota juu ya kaburi la babu yake. Kweli tupu, na nitaisema mbele ya waziri yeyote. Hata dhuluma ile ina hati, ina majina, ina watu waliopewa ekari kwa maelfu. Muuza mboga wa Likoni hakuwa na hata moja. Ilikuwa miezi minne kabla ya uchaguzi, na wenye ekari walilala salama.

Halafu swali hilohilo likaturudia sisi. Mwaka fulani nilimsindikiza mtoto wa dada yangu kutafuta kitambulisho, ofisi moja, siitaji. Kijana aliyetutangulia, jina lake si la Kiislamu, alitoka baada ya dakika tano. Wetu jina lake la ukoo lilisomwa, likasomwa tena, tukaambiwa kuna kamati ya kumpiga msasa. Cheti cha kuzaliwa anacho. Cha babake anacho. Lete cha babu. Nikamwambia yule karani, mwanangu, babu yuko Kikowani tangu mwaka 1974, chukua udongo ukamuulize. (Kicheko, makofi.) Mwacheka, mimi sikucheka. Nilikuwa naliona gauni la waridi. Nilikuwa namwona fundi dirishani kwa karani wa Kiingereza, na mimi, niliyemwimbia, nimesimama palepale.

Mwenyekiti amenyanyuka. Nilikuwa na hoja ya tatu, ya simu hizi, namna uvumi unavyokwenda: Southport, Uingereza, Julai 2024, watoto watatu wasichana wamechomwa kisu wakafa, intaneti ikasema muuaji ni Mwislamu aliyekuja kwa mashua, msikiti ukashambuliwa, hoteli za wakimbizi zikatiwa moto, mshtakiwa alizaliwa Cardiff, hapohapo Uingereza. Ukiwaambia alizaliwa Cardiff wanakuuliza babake je. Hiyo nayo ni mhadhara mzima. Ya nne ilikuwa ya pesa, nani anazilipia siasa hizi, hiyo hata sijaigusa, nikialikwa tena nitaanzia hapo, siahidi kuwa sitapitia Makadara.

Haya, maswali. Nasema maswali, mabwana, si hotuba. Bi mdogo pale mwenye buibui, wewe kwanza, yule bwana wa "mambo ya Wazungu" namuona, zamu yake itafika.